Swali Lisilo na Mahakama

Elkanah alipoletwa Garissa mwaka 1964 kuwa hakimu, kazi aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo mahakimu wengine waliiona mzigo: kuulizia vifo. Sheria ya nchi ilisema mtu akifa ghafla, au kwa namna isiyoeleweka, hakimu aketi, awaite walioona, aulize amekufaje. Haikujali marehemu alikuwa nani. Mchota maji aliyechukuliwa na mamba katika mto Tana aliuliziwa. Mzee mmoja aliyekutwa amelala chini nyuma ya soko, asiyejulikana ukoo wala alikotoka, aliuliziwa kutwa nzima, na mwishowe Elkanah akatamka kwamba ni moyo uliomsimama.

Wanawake wauza maziwa walimcheka kidogo. Walisema hakimu huyu kutoka Maragoli ataita hata mamba barazani. Lakini watu walikuwa wameanza kuizoea desturi hiyo, na mtu akifa kifo kibaya, jamaa zake walikuja mahakamani wenyewe bila kuitwa.

Mwaka 1966, vita vya shifta, waasi waliotaka eneo hilo liungane na Somalia, vikiwa vimekwisha kukomaa, zikatoka kanuni mpya za Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya zinazopakana nao. Zilikuwa nyingi. Wafugaji waingie katika manyatta, yaani kambi, zinazolindwa na askari. Atakayekutwa nje bila pasi atahesabiwa adui. Mifugo ya shifta ni mali ya serikali. Katikati ya hayo palikuwa na mstari mfupi uliosema kwamba vifungu vya sheria vinavyohusu uchunguzi wa vifo havitatumika tena katika maeneo hayo. Kwingineko nchini vilibaki kama vilivyokuwa. Elkanah aliusoma mstari huo mara moja akaenda kwenye mwingine. Wiki zilizofuata aliona kazi imepungua, akawa anafunga ofisi mapema na kupunga upepo kando ya mto.

Guleid alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Alinunua kwa wafugaji wa upande wa Modogashe na kuuza Garissa mjini, na kwa kazi hiyo alikuwa na pasi ya kutembea, iliyotaja njia atakayopita na siku atakayorudi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo aliondoka kama kawaida yake. Mbuzi walikuwa wachache, akachelewa akiwatafuta, na siku ya kurudi ikapita akiwa bado njiani. Hakuonekana tena.

Mkewe, Habibo, alikuwa na mabinti wawili, na aliishi mjini akiuza maziwa ya ngamia. Alingoja. Ramadhani ikaja, ikapita. Wachuuzi wengine walimwambia wamesikia milio ya bunduki karibu na laga moja, mkondo wa mto uliokauka, lakini milio ya bunduki ilisikika kila mahali siku hizo. Wengine walisema Guleid amevuka mpaka, na hilo alilisikia pia kwa askari wa kizuizi cha darajani. Walimwuliza mumewe yuko wapi, na aliposema hajui, walitazamana. Mwanamume asiyejulikana aliko alikuwa na jina moja tu kwao: shifta.

Alikwenda kwa kadhi. Sheikh Nunow alikuwa amesoma Lamu ujanani, mtu wa maneno machache. Alimweleza kwamba mke wa mtu aliyepotea ni mke bado. Hawezi kukaa eda, hawezi kuolewa, na mali ya mume haiwezi kugawanywa, mpaka vithibitike vyote viwili, kifo na siku ya kifo. Bila ushahidi angoje. Wanazuoni wengine walisema miaka minne, wengine walisema zaidi.

Habibo hakuwa na haja ya kuolewa. Alichokuwa akikihofia ni mifugo. Mbuzi na ngamia wa Guleid walikuwa mikononi mwa mdogo wake, Barre, ndani ya manyatta nje ya mji. Wanyama wa familia nyingi walikuwa wamesongamana humo, majani yamekwisha, na askari hawakuruhusu kuchunga mbali. Kila alipokwenda kutazama alikuta wamepungua. Ikipita miaka minne hakutakuwa na cha kugawanya, na mabinti zake watakuwa wamerithi ngozi.

Ndipo akaenda kwa Elkanah.

Elkanah alimkaribisha kiti. Kiswahili cha Habibo kilikuwa cha sokoni, p ikitoka kama b, lakini alisema jambo lake moja kwa moja. Mumewe amepotea, yeye anaamini amekufa, anaomba hakimu aulize kama alivyokuwa akiuliza zamani. Alimweleza Guleid alivyokuwa: mrefu, ndevu zimepakwa hina, fimbo yake ina mikato ya duara kuanzia mkononi mpaka katikati.

Fimbo hiyo Elkanah alikuwa amekwisha kuisikia.

Alikuwa ameisikia kwa konstebo mmoja Mkamba, Kioko, mwezi wa Novemba. Watu wachache wa bara walikuwa wakikutana Jumapili nyumbani kwa Kanana, muuguzi kutoka Meru, kusali na kunywa chai. Siku hiyo baada ya sala Kioko alimvuta Elkanah kando, akamwambia kwamba kikosi alichokuwa nacho katika doria kilimpiga risasi mtu mmoja penye laga, na kwamba yeye ndiye aliyeachwa nyuma amzike. Alisema mtu huyo hakuwa na bunduki. Alikuwa na mbuzi, na fimbo yenye mikato ya duara. Alitaka kujua kama hakimu ataita watu. Elkanah akamjibu kwamba zamani angeita, sasa kanuni hazimruhusu. Kioko akasema sawa, wakarudi ndani kunywa chai.

Sasa mwanamke huyu alikuwa mbele yake, akingoja.

"Mama," Elkanah alisema, "sina uwezo huo tena. Sheria imeondolewa huku kwetu."

"Ile ya kuuliza?"

"Ile ya kuuliza."

Habibo alifikiri. "Na mtu akikamatwa na mamba, utauliza?"

"Hapana. Hata huyo sitamwulizia."

Alilipokea jibu hilo bila ubishi, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akainuka, akajitanda vizuri, akashukuru. Mlangoni akageuka akasema, "Basi serikali haitaki kujua. Lakini mimi nataka. Mtu yangu amebotea."

Elkanah hakumwambia alilolijua. Alijiambia kwamba kumwambia ni kuanza uchunguzi kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo neno la Habibo halikumtoka akilini, na siku mbili baadaye, jioni, alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Sheikh Nunow. Walikuwa wakiheshimiana bila kuzoeana. Elkanah alimweleza kisa cha Kioko bila kumtaja jina, kisha akauliza kama mahakama ya kadhi inaweza kumsikiliza shahidi huyo.

Kadhi aliuliza kwanza kuhusu kanuni. Elkanah alikuwa amekwisha kuzisoma upya, safari hii polepole. Zilimkataza hakimu kuchunguza kifo. Hazikusema kadhi asisikilize shauri la ndoa. Katiba yenyewe ilimpa kadhi ndoa, talaka na mirathi za Waislamu, na hakuna kanuni iliyokuwa imempokonya.

"Na damu?" kadhi aliuliza.

"Damu hukupewa."

"Naam, sikupewa." Sheikh alizungusha tasbihi yake. "Wazee wa ukoo ndio waliokuwa na damu. Walikuwa wakikaa, wanahesabu ngamia za fidia, watu wanapatana. Sasa wakikaa watu wengi pamoja ni mkutano, na mkutano unataka kibali. Kwa hiyo damu haina mwenyewe. Lakini mimi kwa kuhesabu eda sihitaji kujua nani aliua. Nahitaji kujua amekufa, na lini."

Palikuwa na tatizo jingine. Shahidi alikuwa Mkristo. Kadhi alisema ataipokea habari yake kama dalili, ila kwa ushahidi kamili anataka Waislamu wawili walioona alama za kutosha. Walikubaliana kwamba Kioko aseme kaburi liko wapi, na Barre aende na mchuuzi mwenzake Guleid, mtu aitwaye Awil, ambaye alikuwa bado na pasi ya njia ile.

Elkanah alipomwendea Kioko, hakumwamuru. Alimwomba aeleze kaburi lilipo, kisha aende kwa kadhi kushuhudia. Kioko alikuwa akisugua buti nje ya mlango wake, akaendelea kusugua huku akisikiliza.

"Ukiniamuru," alisema, "wakubwa wangu watauliza aliyeniamuru ni nani. Nikienda mwenyewe siku yangu ya mapumziko, wa kuulizwa ni mimi tu. Nitakwenda mwenyewe."

Aliyekataa ni Barre. Habibo alimfuata manyatta, akamkuta ameketi kando ya ngamia aliyelala hawezi kuinuka. Alimweleza kwamba kuna mtu aliyemzika Guleid na kwamba kadhi anataka macho ya ndugu. Barre hakulia wala hakushangaa. Alikuwa amekwisha kuyawaza hayo kwa miezi mingi.

"Abaayo, dada yangu," alimwambia, "nikisema ndugu yangu amekufa huko, nimesema alikuwa huko. Pasi yake ilikuwa imekwisha. Aliyekuwa nje bila pasi ni shifta, na mifugo ya shifta wanachukua. Akiwa amepotea, mifugo ni yangu mimi, mtu wa manyatta. Akiwa amekufa, inaweza kuwa ya serikali. Sasa chagua."

Habibo aliwatazama wanyama. Alikuja akidhani Barre anajitafutia mali, na kumbe hofu yake ilikuwa ya kweli. Kanuni mbili zilikuwa zimekutana juu ya mumewe: moja ilisema kifo chake kisiulizwe, nyingine ilisema kikijulikana alipofia, watoto wake watanyang'anywa. Alimwambia Barre kwamba hawezi kuchagua juu ya jambo asilolijua. Kwanza aende akaone. Akirudi, akitaka kusema atasema, akitaka kunyamaza atanyamaza, naye hatamlaumu.

Barre akaenda. Elkanah aliwaombea nafasi katika msafara wa malori, akitoa sababu kwamba ni shauri la ndoa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Walishuka penye laga, askari wakawapa muda wa kuvuta sigara moja. Kaburi lilikuwa chini ya mgunga, limefunikwa mawe ili fisi wasilifukue, na kichwani imechomekwa fimbo. Barre aliitambua kabla hajaifikia, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeikata mikato ile. Awil aliitambua pia. Hawakufukua. Walisoma Fatiha, wakaiacha fimbo mahali pake, wakarudi kwenye lori.

Shauri lilisikilizwa mwezi wa Aprili mwaka 1967, katika chumba cha kadhi, asubuhi. Kioko alikuja amevaa shati jeupe na suruali ya kiraia. Elkanah hakuhudhuria. Kadhi alikuwa amemwambia ni afadhali abaki ofisini kwake.

Kadhi alimwuliza Kioko mambo machache. Alimwona mtu huyo amekufa? Alimwona. Ana hakika? Ndiyo, kwa kuwa alimbeba. Lini? Kioko alisema ni siku mbili baada ya sikukuu ya tarehe ishirini Oktoba, anakumbuka kwa sababu sikukuu yenyewe waliikosa wakiwa porini. Kisha kadhi akauliza swali ambalo Kioko hakulitarajia: alimlaza vipi?

"Kwa ubavu wa kulia," Kioko alisema. "Kuna askari wa Pwani aliwahi kuniambia hivyo ndivyo mnavyofanya. Upande wa kuelekea sikuwa na hakika. Nilikumbuka msikiti wa hapa unavyoelekea, nikamgeuza kaskazini."

Kadhi aliitikia kwa kichwa taratibu. Akamwita Awil, naye akaeleza kaburi na fimbo. Akamwita Barre.

Barre alisimama. Habibo, aliyeketi karibu na ukuta, hakujua atasema nini. Tangu arudi safari ile walikuwa hawajazungumza. Barre alitazama mlangoni, ambako hapakuwa na mtu yeyote wa serikali ila Kioko na shati lake jeupe, akasema kwa Kisomali, "Ndugu yangu amekufa. Nimeona kaburi lake na fimbo yake. Alikuwa—"

"Basi," kadhi alimkatiza. "Nilikuuliza kama amekufa. Umejibu."

Barre akaketi.

Kadhi alihesabu kwa vidole, miezi ya Kiislamu, kutoka siku aliyoitaja Kioko. Alirudia hesabu. Kisha akamgeukia Habibo na kumwambia kwamba sheria inahesabu eda tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Miezi minne na siku kumi imekwisha kupita. Eda yake ilimalizika kabla hajajua kwamba amefiwa.

"Kwa hiyo nikae nini?" Habibo aliuliza.

"Hukai chochote. Uko huru."

Alionekana hajaelewa, na kadhi akarudia. Alikuwa amekuja kuomba ruhusa ya kuomboleza, akaambiwa amekwisha kuomboleza. Siku zote zile alizokuwa akiuza maziwa na kujibu maswali ya darajani, zilikuwa ndizo. Aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua, akamtazama Kioko, akauliza kwa Kiswahili ili asikie:

"Nani alimbiga?"

Kadhi hakukasirika. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba swali hilo ni la haki, ila si la mahakama yake, na akilipokea, hukumu yote itavunjwa na huenda mifugo nayo ikaenda. Akafunga shauri. Mirathi ikapangwa: thumni ya mke, thuluthi mbili za mabinti, na kilichobaki ni cha Barre.

Kioko alikuwa amefika kwenye geti Habibo alipomfikia. Alirudia swali lake. Kioko alisema yeye alichimba kaburi tu.

"Sikuuliza kuchimba."

"Najua, mama. Lakini nikikujibu, utalipeleka wapi jibu? Hakuna mahali."

"Litakaa na mimi."

Kioko alitazama barabara pande zote mbili. Halafu akamwambia. Guleid alisimama walipomwita. Alisema kwa Kiswahili wangoje atoe pasi, akatia mkono ndani ya shuka lake, na mkono ulikuwa bado ndani alipopigwa. Pasi waliikuta kiganjani mwake. Kioko alitaja jina la aliyepiga, cheo chake, na mahali alikohamishiwa tangu wakati huo. Habibo alimwomba arudie jina, kwa kuwa lilikuwa geni kinywani mwake, akalitamka mpaka likakaa sawa. Akamshukuru kwa mawe aliyoyaweka juu ya kaburi. Kioko alikwenda zake akitembea haraka.

Habibo alivaa nguo nyeupe za mfiwa hata hivyo, kwa siku alizoona zinamtosha. Wanawake wenzake walikuja kukaa naye, na hakuna aliyemwambia kwamba sheria haimtaki.

Mifugo haikuchukuliwa. Hukumu ya kadhi ilisema Guleid amekufa, haikusema wapi wala kwa mkono wa nani, na maofisa waliokuwa na kazi ya kuchukua mifugo hawakuona humo neno la kuwahusu. Ni njaa ya manyatta iliyoipunguza, na mgawanyo ulipofanyika palikuwa na mbuzi wa kutosha kuanzia maisha, si zaidi. Barre, kama desturi ilivyomtaka, alimposa mke wa marehemu nduguye. Habibo alikataa kwa upole, na Barre, aliyekuwa ametimiza wajibu, hakusisitiza. Waliendelea kusaidiana.

Elkanah aliitwa na mkubwa wake, akaulizwa ni kwa nini watu wawili walipewa nafasi katika msafara. Akajibu, ndoa. Hakuulizwa zaidi. Kabla mwaka haujaisha alihamishiwa magharibi, karibu na kwao, uhamisho ambao alikuwa ameuomba miaka miwili bila mafanikio.

Oktoba mwaka huo serikali mbili, ya Kenya na ya Somalia, zilipatana, na mwezi wa Desemba barabara ya Wajir ikaanza kupitika. Habibo aliwachukua mabinti zake na mbuzi wachache, akapanda lori kwenda Eldas, kwa mama yake. Pasi zilikuwa bado zinatakiwa, kwa kuwa kanuni hazikuondoka na vita. Penye laga alimwomba dereva asimame. Dereva alisimama, naye akashuka na mabinti, wakasoma dua kando ya mawe, wakapanda tena.

Mbele kidogo palikuwa na kizuizi. Askari aliyekuja kwenye lori alikuwa kijana, mgeni katika mkoa, bado ana uso wa mtu anayezunguka kutazama nchi. Alikagua pasi ya Habibo, akawaangalia watoto.

"Mume wako yuko wapi?"

"Amekufa."

"Pole, mama." Alimrudishia pasi. Kisha, kwa vile tu hakuwa na haraka, akauliza, "Alikufaje?"

Habibo alimtazama. Mwaka mzima na zaidi hapakuwa na mtu wa serikali aliyemwuliza neno hilo. Akamwambia. Alianza na pasi iliyokwisha, akaeleza mbuzi, mkono ndani ya shuka, akamalizia kwa jina la aliyepiga, na cheo chake, akilitamka kila herufi. Hakupandisha sauti.

Askari alisikiliza mpaka mwisho. Aligeuka kuwatazama wenzake waliokuwa kivulini, akamtazama tena Habibo. Akaenda kuinua mti wa kizuizi. Lori likapita.